Vita vya Mezani na Hesabu ya Majina

Mhariri wa gazeti letu ameniomba makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu. Najua wengi wenu mngependa kusoma habari za mabweni, za uji wa asubuhi, na za mechi tulizoshinda na tulizoshindwa. Hizo nawaachia wenzangu wenye kumbukumbu nzuri zaidi. Mimi nimechagua jambo dogo, ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia na kulicheka: kwamba mwenzenu huyu, mwenye mvi na wajukuu, ana sanduku la visanamu vya wapiganaji, kila kimoja kimo chake kama sentimeta 3, na kwamba huvipanga mezani na kuvipiganisha kwa kutupa dadu.

Mchezo huu niliujua katika miaka niliyofanya kazi ya uuguzi mjini Nottingham, Uingereza. Wenzangu wa zamu ya usiku waliupenda, na siku za mapumziko tulikutana katika ukumbi mdogo wa mtaa kuucheza. Nilipoanza kuuliza asili yake, nikakuta kwamba una historia ya zaidi ya miaka 200, na kwamba ndani ya historia hiyo limekaa swali ambalo si la kitoto hata kidogo: je, mtu akichezea vita, hujifunza kuvipenda ama kuviogopa? Kwetu sisi swali hili lina uzito. Wapo kati yetu waliovaa magwanda na kwenda Kagera mwaka 1978, na wapo ambao hatukuwaona tena. Mmoja wa waliorudi, tuliyelala naye bweni moja, aliniambia waziwazi: "Vita si mchezo, ndugu yangu." Makala haya ni jibu langu kwake, na kwenu nyote.

Meza ya Mfalme

Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz wa Prusia, dola ambayo baadaye ilikuwa sehemu kubwa ya Ujerumani, alimtengenezea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya kuchezea vita. Ilikuwa kama kabati, yenye vipande vya kupanga milima, mito na vijiji, na droo za kuwekea majeshi. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alitoa kanuni mpya zilizotumia ramani badala ya meza ile ya fahari. Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa jeshi la Prusia, aliutazama mchezo huo akaona si mchezo tu bali ni shule, akaupendekeza kwa jeshi zima.

Katika mchezo huo askari walikuwa vipande vidogo vya mstatili, vya rangi nyekundu na bluu. Kipande kimoja kilisimama mahali pa mamia ya watu. Mwamuzi alitupa dadu, akatazama jedwali, akatangaza hasara. Ofisa alijifunza mambo mengi hapo: muda wa kuvuka mto, nguvu ya mizinga, hatari ya kuchelewa. Lakini jambo moja hakulijifunza, nalo ni kwamba ndani ya kipande kile mlikuwa na watu wenye mama zao.

Sisi tuliokulia barazani tunalielewa jambo hili. Bao la Kiswahili lina kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji, na hakuna anayeuliza kete iliyoliwa ilikuwa ipi. Tena kete ina bahati, maana ikiliwa haifi, bali huhamia upande wa pili ikaendelea kucheza. Askari wa kipande cha Prusia hakuwa na bahati hiyo. Alipunguzwa katika hesabu, basi.

Mwandishi na Mizinga ya Kuchezea

Karibu miaka 90 baadaye, H. G. Wells, mwandishi wa hadithi za kisayansi, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Ilikuwa mwaka 1913. Wells na rafiki zake walicheza sakafuni kwa askari wa risasi walio wazi ndani, ambao kampuni ya William Britain ilianza kuwatengeneza mwaka 1893, na kwa mizinga midogo yenye springi iliyorusha vijiti. Askari aliyeangushwa na kijiti alihesabiwa amekufa.

Hapa pana badiliko kubwa. Kwa Wells, kisanamu kimoja ni mtu mmoja. Mchezaji humwona akianguka. Na mwishoni mwa kitabu chake mwandishi huyo aliwaonya wakubwa wa dunia kwamba mtu akicheza vita hivi vidogo mara chache tu, atatambua jinsi vita vya kweli vilivyo jambo la kijinga na la hasara.

Onyo hilo halikusikika. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikaanza Ulaya, na mwezi Novemba vikawa vimefika Tanga. Kila aendaye Kariakoo, Dar es Salaam, hutamka jina lililobaki kutokana na vita hivyo, kwa kuwa latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, malaria na kuhara, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Walihesabiwa kama vile vipande vya Prusia: idadi pasipo majina. Nawaomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Kutoka Jeshi Hadi Mtu Mmoja

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mchezo wa visanamu ulifufuliwa na watu wa kawaida. Donald Featherstone, Mwingereza aliyekuwa askari wa vifaru katika vita hivyo, alitoa kitabu chake War Games mwaka 1962, na vijana wengi wakajifunzia humo. Wakati huohuo wasomaji walikuwa wameshikwa na hadithi za J. R. R. Tolkien zilizotoka mwaka 1954 na 1955, zenye mazimwi, wachawi na watu wafupi wenye mashoka. Haikuchukua muda kabla mambo haya mawili hayajakutana.

Yalikutana Marekani mwaka 1971. Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni ziitwazo Chainmail, za vita vya zama za kati, na mwishoni wakaongeza sehemu ya mazimwi na uchawi. Ndani yake mlikuwa pia na kanuni za mapigano ya mtu kwa mtu. Mwaka 1974 Gygax, pamoja na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, ambamo mchezaji haongozi jeshi tena, bali anakuwa mtu mmoja mwenye jina, nguvu na udhaifu wake.

Huko Uingereza kampuni ya Games Workshop ilianzishwa mwaka 1975, na visanamu vikatengenezwa na tawi lake la Citadel. Mwaka 1983 ulitoka mchezo wa Warhammer, kazi ya Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley, ambao ulirudisha majeshi makubwa mezani. Kisha mwaka 1999 ukatoka mchezo ninaoupenda kuliko yote, Mordheim, uliotungwa hasa na Tuomas Pirinen wa Ufini. Huu haukutaka jeshi. Ulitaka kikosi kidogo tu cha watu.

Hadithi yake ni hii. Mji wa Mordheim umepigwa na nyota yenye mkia na kuwa magofu. Katika magofu hayo vimetapakaa vipande vya jiwe la ajabu ambalo matajiri hulinunua kwa bei kubwa. Basi kila mwenye njaa ya mali hukusanya kikosi chake na kwenda kuokota. Msidhani ni hadithi ya mashujaa wema. Ni hadithi ya ulafi, na watungaji wake hawakuuficha.

Taji Mia Tano

Kwa kawaida mchezaji hupewa taji 500 za dhahabu, ambazo ni pesa za kwenye karatasi tu, na kwa hizo lazima aajiri watu na kuwanunulia silaha. Hapa ndipo mtu anapojulikana tabia yake. Mwenye majivuno hununua deraya nzito kwa taji 50, akajikuta ametumia bei ya wapiganaji wawili kumpamba mtu mmoja. Mwoga hurundika watu wengi wenye visu tu. Mimi nilipokusanya kikosi cha mamluki wa kibinadamu, hesabu yangu ilikuwa hivi:

Kapteni 1: taji 60
Mabingwa 2: taji 70
Wanagenzi 2: taji 30
Walenga shabaha 3: taji 75
Wapiganaji wa kawaida 4: taji 100
Silaha za wote: taji 164
Jumla: taji 499

Kisu kila mtu hupewa bure. Kapteni alipata upanga, ngao na kofia ya chuma, jumla taji 25. Kila bingwa alipata upanga na rungu kwa taji 13. Walenga shabaha walipewa pinde za kufyatua, taji 25 kila mmoja. Wapiganaji wa kawaida walipata rungu na ngao kwa taji 8, na wanagenzi rungu la taji 3 tu. Ikabaki taji moja mfukoni. Watu 12 kamili.

Sasa nieleze habari ya wale wanagenzi, maana ndiyo siri ya mchezo. Mwanagenzi ni kijana mbichi. Shabaha hana, nguvu hana, na bei yake ni taji 15, wakati hata mpiganaji wa kawaida ni taji 25. Sisi shuleni tungemwita njuka. Mgeni wa mchezo humwona hafai akamwacha. Lakini kanuni zinamweka mwanagenzi katika hesabu ya mashujaa, pamoja na kapteni na mabingwa, na baada ya pambano kila shujaa ambaye hakuangushwa hutupa dadu moja kutafuta jiwe lile magofuni. Jumla ya dadu hizo ndiyo inayoamua vipande vilivyopatikana. Dadu ya njuka ina pande 6, sawasawa na ya kapteni. Kikosi kisicho na vijana, hata kikishinda, hurudi na mkono mtupu kuliko chenye vijana.

Tena ngazi za kupanda cheo ziko karibu karibu kwa anayeanza, na hutengana kadiri mtu anavyokwenda juu, kwa hiyo kijana hujifunza upesi kuliko mkubwa wake. Hata mfuasi wa kawaida, dadu ikimpendelea, huonekana ana kipaji akapandishwa kuwa shujaa. Na liko jambo jingine la busara. Vipande vya jiwe vikiuzwa, kikosi chenye watu wengi hupata faida ndogo kuliko chenye watu wachache, maana midomo ya kulishwa ni mingi. Kwa hiyo wingi pekee haukuokoi. Sharti ujue kila mtu yumo kikosini kwa sababu gani.

Kisu, Tupa na Brashi

Kikosi hakikamiliki kwenye karatasi. Visanamu vya mamluki hao vilikuja vikiwa vipande vya plastiki vilivyoshikamana katika fremu: miili mahali pake, mikono mahali pake, vichwa na silaha mahali pake. Ukivitoa kwa kuvunja kwa vidole, utaharibu. Hukatwa kwa koleo ndogo, kisha mshono wa kalibu hukwanguliwa kwa kisu na kulainishwa kwa tupa. Kichwa hujaribiwa kabla ya gundi, kwa kuwa shingo ikigeuzwa kidogo tu, mtu aliyekuwa akishambulia huonekana anatazama nyuma kwa hofu. Desturi ya wachezaji ni kwamba silaha iliyoandikwa kwenye daftari ionekane pia mkononi, ili mpinzani asidanganywe.

Baada ya hapo hupakwa rangi ya msingi, nyeusi au nyeupe, halafu rangi za maji kwa tabaka nyepesi nyepesi. Rangi nzito huziba uso. Mimi nilitumia jioni mbili au tatu kwa kila kisanamu, na watu 12 wakanichukua zaidi ya mwezi.

Kwa kuwa nilikuwa muuguzi, niseme neno la afya. Visanamu vingi vya chuma vya miaka ya 1970 na 1980 vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi. Risasi ni sumu, na humdhuru mtoto zaidi. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliiacha wakatumia mchanganyiko wenye bati, na siku hizi plastiki imeenea. Mwenye visanamu vya zamani asimpe mtoto mchanga, na akishavikwangua anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Lakini faida kubwa ya kazi hii ya mikono ni nyingine. Ukimkalia mtu wa plastiki jioni tatu, ukampaka nyusi na kifungo cha koti, huwezi kumwita kipande. Utampa jina. Kapteni wangu nilimwita Mzee Kobe, kwa sababu ya ngao yake. Mlenga shabaha mwembamba alikuwa Kiroboto. Vijana wawili waliitwa Njuka wa Kwanza na Njuka wa Pili.

Hesabu ya Waliokufa

Katika michezo mingi, pambano likiisha visanamu vyote hurudi sandukuni vikiwa wazima, na kesho huanza upya. Mordheim haukubali hivyo. Kila aliyeanguka huulizwa habari zake kwa dadu. Mfuasi wa kawaida hutupiwa dadu moja. Ikija 1 au 2, amekufa, na jina lake halichezi tena. Shujaa hutupiwa dadu mbili na kutazamwa katika jedwali la majeraha. Aweza kufa, kupoteza jicho, kuumia mguu, kutekwa nyara, au kupona kabisa. Mwenye jicho moja atabaki na jicho moja katika mapambano yote yajayo.

Mtu akishajua hayo, hachezi ovyo. Kanuni zinasema kwamba robo ya kikosi ikianguka, ujasiri wa kikosi hupimwa kwa dadu, nacho chaweza kukimbia. Kwangu mimi robo ni watu watatu. Tena mchezaji mwenyewe aweza kuamua kurudi nyuma akifika hapo. Nimewaona vijana wa Nottingham, waliokuwa wakipoteza mamia ya askari bila kupepesa jicho katika michezo mikubwa, wakikaa kimya dakika nzima wakifikiri kama wamtume Fulani upande wa pili wa barabara. Jeshi lilipopunguzwa, uzito wa kila mtu uliongezeka. Hilo ndilo badiliko lililochukua karibu miaka 190, tangu meza ya mfalme hadi magofu ya Mordheim.

Kikosi changu kilidumu mapambano 14. Mzee Kobe alikufa katika la tatu. Njuka wa Kwanza alipoteza jicho. Njuka wa Pili, yule wa taji 15 mwenye rungu la taji 3, alikuja kuwa kapteni.

Yule mwenzangu aliyenionya kwamba vita si mchezo alinitembelea nyumbani Morogoro nilipokwisha kustaafu. Nilimwonyesha sanduku, lakini yeye alilichukua daftari akalisoma taratibu. Aliona majina yaliyopigwa mstari mmoja, bado yanasomeka, akauliza kwa nini sikuyafuta kabisa. Nilimjibu kwamba nikiyafuta, daftari litasema uongo kuhusu dhahabu iliyopatikana na walioigharimia. Akakaa kitambo, kisha akasema kwamba kule Kagera waliitwa majina kila asubuhi, na jina likiitwa pasipo mtu kuitika, mwitaji alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Hakusema kwamba nina haki, wala mimi sikumwuliza. Alirudisha daftari, tukaenda kula.

Hoja Yangu

Jibu langu basi ni hili. Mchezo wa vita humfundisha mtu kile anachokihesabu. Akihesabu vipande, atajifunza kupoteza vipande. Akihesabu watu kwa majina, ataogopa kuwapoteza, na atamthamini hata njuka. Wells aliliona hilo mwaka 1913. Waliowapeleka wapagazi wetu porini hawakuliona.

Na kwa kuwa mkutano wetu u karibu, nina ombi kwa kamati. Katika toleo lililopita, ukurasa wa marehemu ulitupa idadi ya waliotutoka, pasipo jina hata moja. Napendekeza lianzishwe daftari moja la kudumu, likae ofisini kwa mkuu wa shule, liandikwe jina la kila mwanafunzi wa zamani aliyefariki, mwaka wake wa kuingia na bweni lake. Waandikwe na walimu. Waandikwe na wapishi na mlinzi wa lango, ambao wengi wetu twawajua kwa majina ya utani tu. Nipo tayari kuanza na majina 31 ninayoyakumbuka, na kila mmoja wenu aje mkutanoni na yake.

Naomba kutoa hoja.